Nauli za Teksi Zibandikwe Wazi

Mgeni anayekwenda Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ya Migori yaliyotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, au mbuga ya Ruma kule Homa Bay, hupatana nauli ya teksi bila kujua bei ya kawaida, ilhali dereva anaijua. Katiba ya Kenya ya 2010 imezipa kaunti majukumu ya uchukuzi na utalii wa mashinani. Basi kaunti hizi mbili zikae na vyama vya madereva, zikubaliane kiwango cha juu cha kila safari, na kukibandika kwenye viwanja vya ndege vya Kabunde na Lichota.

Madereva watasema petroli hupanda na kwamba mara nyingi hurudi bila abiria. Ni kweli. Lakini EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei za mafuta kila mwezi; nauli zirekebishwe kwa ratiba hiyo, na gharama ya kurudi ihesabiwe waziwazi. Wengine watatetea kupatana bei kama desturi ya soko. Sokoni, hata hivyo, mnunuzi huhamia kibanda cha pili. Kiwanjani, abiria mwenye mizigo hana pa kuhamia. Bei inayojulikana humlinda pia dereva mwaminifu, anayechafuliwa jina na walanguzi wachache.