Mama Si "He": Makosa ya Kiingereza Yanayotoka Nyumbani

Juma hili ukumbi wetu wa lugha unaanzia Chewele, wadi iliyo katika jimbo la Bura, kaunti ya Tana River. Kutoka huko alitujia mama mmoja mjane pamoja na binti yake wa miaka 16. Binti alikuwa ameandika barua ya kuomba basari kwa kamati ya wadi, na mama alitaka tuitazame kabla haijapelekwa. Kwa idhini yao, na bila ya kuwataja, twaweka hapa sentensi zake nne kama zilivyokuwa:

"I have sixteen years. My father he died when I was ten. My mother is a farmer and he sell mangoes. Although he work hard but he did not managed to pay my fees this term."

Mama hakusoma Kiingereza. Alimwambia binti yake amfasirie neno kwa neno, naye akafanya hivyo kwa adabu. Walipofika kwenye sentensi ya tatu, mama akamsimamisha.

"Hiyo 'he', mwanangu, ni huwa au ni hiya?"

"Ni huwa, mama."

"Basi mimi umenifanya mwanamume, na marehemu umemfufua."

Tulicheka sote, binti akiwa wa kwanza. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mwanakamati aisomaye barua ile kwa haraka ataona kwamba baba amefariki, kisha ataona mwanamume auzaye maembe na kufanya kazi kwa bidii. Atajiuliza: huyu ni yatima kweli, au barua yajipinga yenyewe? Kwa neno moja la herufi mbili, haki ya yatima ingeweza kuingia shakani.

Katika sentensi zile nne tulihesabu makosa 9, ya aina 6. Tulipoyachunguza tuligundua kwamba karibu yote hayakutokana na uvivu wala upungufu wa akili. Yalitokana na Kiswahili kizuri kilichovishwa nguo ya Kiingereza. Mtoto wa Tana River huenda akazungumza Kipokomo, Kiorma au Kisomali nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiarabu madrasani, na Kiingereza kikawa lugha yake ya tatu au ya nne. Hubeba mazoea ya lugha moja akayaingiza katika nyingine. Ajuaye mahali ambapo lugha hizi zaachana njia huliona kosa mapema. Natuyatazame, basi, moja baada ya jingine.

La kwanza: "he" na "she"

Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. "Yeye" ni wote wawili, na Kipokomo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto hushika "he" na kuitumia kwa kila mtu. Dawa yake, kama mama yule alivyotuonyesha, imo madrasani. Mtoto aliyejifunza Kiarabu ajua tofauti ya "huwa" na "hiya", na kila anapoandika "he" au "she" na ajiulize swali hilo hilo. Watoto wa Kiorma na wa Kisomali nao wana bahati, kwa kuwa lugha zao hutofautisha mume na mke. Wakumbushwe tu kufikiri kwa lugha ya mama zao.

La pili: kutaja mtenda mara mbili

"My father he died." Kosa hili latokana na kiambishi chetu. Tunaposema "Baba alifariki", ile "a" iliyo mwanzoni mwa kitenzi yamtaja baba kwa mara ya pili, nasi hatuwezi kuiacha. Mtoto afasiripo, huigeuza "a" ile kuwa "he". Kiingereza hakihitaji. Mtenda akishatajwa kwa jina, inatosha: "My father died."

La tatu: miaka haimilikiwi

Sisi husema "nina miaka 16", na Waarabu na Waingereza kila mmoja ana njia yake. Mwingereza hasemi kwamba ana miaka, bali husema kwamba yeye ni wa miaka kadhaa: "I am sixteen years old." Hapa hakuna kanuni ya kufikiria sana. Ni ya kushikwa kwa moyo kama jina la mtu.

La nne: herufi "s" na mahali pake

Hili ndilo linalowasumbua watoto wengi zaidi. Katika Kiingereza nomino ikiwa nyingi huongezwa "s", lakini kitenzi cha wakati uliopo huongezwa "s" mtenda akiwa mmoja, naye si "I" wala "you". Mtoto huona mambo yamegeuzwa juu chini. Sisi huwafundisha hivi: "s" ni mgeni mmoja mwenye nyumba mbili, na mara nyingi akilala katika nyumba moja, ile nyingine huwa tupu. "The boy plays", "s" iko kwenye kitenzi. "The boys play", imehamia kwa wavulana. Yapo maneno yaliyo mengi bila ya "s", kama "children", nayo kitenzi chake hakipokei "s" vilevile: "The children play." Hivyo mama yule ni "she sells mangoes" na "she works hard".

Katika mlango huu huu yako maneno ambayo Kiingereza hakiyahesabu kabisa: "advice", "information", "furniture", "luggage". Hata yakiwa mengi kiasi gani, hayapewi "s".

La tano: "although" na "but"

Kiswahili chakubali kusema: "Ingawa anafanya kazi kwa bidii, lakini hakuweza kulipa." Maneno mawili yasaidiana kubeba mzigo mmoja. Kiingereza chataka mbebaji mmoja. Ukitumia "although", ondoa "but". Ukitaka "but", ondoa "although".

La sita: wakati uliotiwa alama mara mbili

"He did not managed." Hapa Kiswahili chenyewe ni mwalimu. Mtu akikanusha "nilienda" husema "sikuenda". Hakuna asemaye "sikulienda", kwa kuwa alama ya wakati uliopita imekwisha kubebwa na "ku". Katika Kiingereza "did" ndiyo iliyobeba wakati, na kitenzi kinachofuata hurudi katika umbo lake la asili: "did not manage", "did not go", "did you see". Binti aliposikia "sikulienda" alishika kinywa. Tunaamini hatalisahau.

Hizo ndizo aina 6 zilizokuwa katika barua. Zipo mbili nyingine hazikuwamo, nasi twaziongeza kwa sababu madhara yake ni makubwa zaidi kwa akina mama.

"Yes" isiyo ndiyo

Chukulia kwamba daktari mgeni amuuliza mama mwenye mtoto mgonjwa: "You have not given him any medicine?" Mama hajampa mtoto chochote. Katika Kiswahili angeulizwa "Hujampa dawa?" naye angejibu "Ndiyo, sijampa", akikubaliana na swali. Basi kwa Kiingereza hujibu "Yes". Daktari naye huelewa kwamba dawa imeshatolewa. Au chukulia dada yetu aliyekwenda kufanya kazi Ghuba. Aulizwa kwa simu: "You have not been paid this month?" Ajibu "Yes", akimaanisha kwamba ni kweli hajalipwa, na mwenye kuuliza aandika kwamba amelipwa.

Katika Kiingereza "no" huambatana na kukanusha, swali liwe limeulizwa vipi. Hajampa: "No, I have not." Amempa: "Yes, I have." Na kwa usalama zaidi, usijibu kwa neno moja. Toa sentensi nzima: "I have not been paid." Sentensi nzima haina njia mbili.

Aliyekopa na aliyekopesha

Neno letu "azima" lina pande mbili: huazima anayetoa, na huazima anayepokea. Kwa sababu hiyo wengi wetu huandika "borrow" kwa pande zote mbili. Mtoto asemaye "Please borrow me your pen" hataleta balaa, kwani kalamu ataipata tu. Lakini tazama daftari la chama cha akina mama lililoandikwa: "The group borrowed the treasurer 5,000 shillings." Mwandishi alikusudia kwamba chama kilimkopesha mweka hazina. Kiingereza chake kimevurugika hata msomaji hajui ni nani amdaiye mwenzake. Dini yetu imetuagiza kuandika madeni ili mizozo isizuke, na maandishi yenye utata hayatimizi lengo hilo. Atoaye ni "lend", na kwa wakati uliopita "lent". Apokeaye ni "borrow". Basi iandikwe: "The group lent the treasurer 5,000 shillings." Au: "The treasurer borrowed 5,000 shillings from the group."

Wapenzi wasomaji, elimu ya kusahihisha sentensi si ngeni kwetu. Husimuliwa katika vitabu vya nahau kwamba Abul-Aswad ad-Du'ali, mwanachuoni wa karne ya kwanza ya Hijria, alikuwa na binti yake usiku mmoja. Binti akaitazama mbingu, akataka kusema kwamba yapendeza mno. Lakini alikosea irabu za mwisho, na mshangao wake ukageuka kuwa swali: ni kitu gani kizuri zaidi mbinguni? Baba akamjibu kwamba ni nyota zake. Binti akasema hakuuliza, alikuwa akistaajabu. Ndipo baba akamwelekeza namna ya kutamka. Simulizi hii hutajwa miongoni mwa sababu zilizomfanya aanze kuziweka kanuni za Kiarabu. Twapenda kuikumbuka kwa jambo moja: baba hakumdhihaki mwanawe. Alimjibu kama alivyosema, akangoja abainishe alilolikusudia, kisha akamfundisha.

Nasi tufanye hivyo majumbani mwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hakuna sababu ya mtoto kuionea haya lugha moja kwa ajili ya nyingine. Anayecheka Kiingereza cha mtoto humfunza kunyamaza tu, na anyamazaye hasahihishwi.

Mama asiyejua Kiingereza naye asijitoe. Mkalishe mtoto, msomeshe sentensi yake kwa sauti, umuulize maswali manne:

1. Ni nani huyu, huwa au hiya, na umemtaja mara ngapi?
2. Ni mmoja au ni wengi, na "s" imelala nyumba gani?
3. Jambo hili ni la lini, na alama ya wakati umeiweka mara ngapi?
4. Liko neno lolote ambalo likiondolewa maana haipungui?

Maswali haya huulizwa kwa Kiswahili, na kazi ya kujibu ni ya mtoto. Mama yule wa Chewele aliuliza la kwanza pekee, na binti akayasahihisha makosa 4 kati ya yale 9. Kabla hawajaondoka barua ilikuwa imeandikwa upya kwa mkono wa binti mwenyewe:

"I am sixteen years old. My father died when I was ten. My mother is a farmer and she sells mangoes. Although she works hard, she did not manage to pay my fees this term."

Mama aliomba asomewe tena, kwa Kiingereza tu, bila ya tafsiri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Safari hii nimejisikia nimo."

Zoezi la familia

Katika kila sentensi mna kosa moja au zaidi. Watoto wajaribu kwanza kabla ya kutazama majibu.

1. My sister he goes to madrasa.
2. The teachers gives us many advices.
3. Did you saw the boat?
4. My brother have ten years.
5. Although it rained but we walked to school.
6. Please borrow me your book.

Majibu: 1. My sister goes to madrasa. 2. The teachers give us a lot of advice. 3. Did you see the boat? 4. My brother is ten years old. 5. Although it rained, we walked to school. 6. Please lend me your book.

Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia "in", "on" na "at", maneno matatu ambayo Kiswahili huyafunika yote kwa "-ni" moja. Kila familia na ituandalie sentensi moja iliyowahi kuwatatiza. Wabillahi tawfiq.