Hawakuchoma Mashine kwa Ujinga

Vuta kiti. Muhula uliopita, chama chetu kilipojadili mashine za kuchuma chai, msemaji mmoja alidai ati watu wetu walizichoma kwa sababu "hawajaelimika". Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi niliinama nikatazama viatu vyangu. Mama yangu alichuma majani chai hapa Kericho kwa miaka 14, na karo yangu ilitoka kwenye kikapu chake, hadi mashine zilipofika shambani kwao na jina lake likakosekana kwenye orodha.

Basi leo najibu. Mnakumbuka Mei 2023, mashine zilipoteketezwa na mtu mmoja akapoteza maisha. Sisemi kuchoma ni sawa, la hasha! Lakini huo ujinga uko wapi? Mama anaijua mashine kuliko sisi wanafunzi wa fizikia. Atakueleza jinsi inavyokata majani makuukuu na vijiti, ilhali mkono huchagua majani mawili na kichipukizi. Mama huyo huyo hutuma pesa kwa M-Pesa upesi kunishinda. Huduma hiyo ilianza 2007, wala hakuna aliyeiendea na kiberiti.

Yupo mtaalamu wa saikolojia ya jamii, Martin Bauer wa London School of Economics, ambaye kwa miaka mingi amechunguza jinsi wananchi wanavyoiona sayansi na teknolojia. Mwaka 1995 alihariri kitabu kizima kuhusu watu kukataa teknolojia mpya. Yeye hufananisha upinzani na maumivu mwilini. Yaani mguu ukikuuma huukemei ati haujasoma. Unainama kuona umechomwa na nini.

Kule Ulaya watafiti walizoea kuwauliza watu maswali kama ya mtihani: je, dunia huzunguka jua, au jua huzunguka dunia? Wengi walidhani kwamba ajuaye zaidi ataipenda sayansi zaidi. Wapi! Katika mambo yenye utata, kama utafiti wa viinitete vya binadamu, waliojua mengi ndio waliokuwa wagumu kukubali.

Kwa hivyo anayetaka kutuletea "elimu kwa umma" kuhusu mashine, aje, chai tutampa. Lakini Mama hana swali juu ya injini. Anauliza: mshahara wangu uliookolewa na mashine umekwenda wapi? Swali hilo sijasikia likijibiwa, hata kwenye mjadala wetu.

Naomba muhula ujao hoja ibadilishwe. Tuache "mashine ni nzuri ama mbaya", tujadili pesa hiyo iende kwa nani. Mwalimu mlezi, nipange upande wowote upendao, hata ule wa kampuni. Nitamwomba Mama aje aketi safu ya mbele.