MAPAJA YA BABA SI KITI CHA MTOTO (Sehemu ya 4)

Nesi wenu nimerudi. Niliahidi leo tutaongea homa za watoto. Homa itasubiri. Kuna picha nimeiona, imeninyima usingizi.

Picha yenyewe nzuri. Baba kanunua nyumba hapa hapa Marekani, ina uwanja mkubwa. Amekaa juu ya mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia kama trekta dogo. Kapakata mtoto wa miaka mitatu hivi, kashika usukani, anacheka. Chini wameandika: "Dereva mpya." Watu wamemwaga mioyo na hongera.

Mimi sikuweka moyo. Niiteni mchawi, lakini picha ile haikupaswa kupigwa.

Nimefanya zamu wodi ya upasuaji. Sitataja hospitali wala mtoto. Nitasema tu kwamba mguu uliopitiwa na mashine hii haufanani na mguu uliokatwa na panga la shambani. Panga hukata mara moja. Kisu cha mashine kinazunguka, ncha yake inaweza kukaribia kilomita 300 kwa saa. Kinachana nyama, kinavunja mfupa, kinashindilia udongo na nyasi ndani ya kidonda. Mtoto haingii chumba cha upasuaji mara moja tu. Anarudishwa na kurudishwa, kusafishwa. Na baba amekaa koridoni, haongei na mtu, kwa sababu aliyekuwa anaendesha ni yeye.

Kila mwaka maelfu ya watoto nchi hii wanafikishwa hospitali kwa mashine za nyasi. Maelfu.

Najua majibu yenu.

"Nilimshika vizuri." Sawa. Gurudumu likiingia shimoni, mkono mmoja uko kwenye usukani. Uliobaki unatosha?

"Mashine inajizima yenyewe." Inajizima DEREVA akinyanyuka kwenye kiti. Mtoto akidondoka, baba bado amekaa. Mashine haijui kitu. Kisu kinaendelea.

"Ni dakika mbili tu." Hapa ndipo nataka mnisikilize. Dakika mbili zile zimemfundisha mtoto kwamba mashine ni mchezo, na mlio wake maana yake ni "njoo upande." Jumamosi ijayo wewe uko jikoni, yeye kafungua mlango wa nyuma, anakimbilia zamu yake. Baba kaziba masikio, injini inanguruma, anarudi rivasi. Hajamwona. Huyo mtoto si mtundu. Anafuata alichofundishwa.

Kwa hiyo tusitafute lugha ya kubembeleza. Madaktari wa watoto wa American Academy of Pediatrics wanasema wazi: mashine ya kukalia isiendeshwe na aliye chini ya miaka 16, ile ya kusukuma chini ya miaka 12. Abiria hakuna, hata mmoja. Mdogo wa chini ya miaka 6 akae NDANI nyasi zinapokatwa, na mtu mzima wa kumwangalia. Siyo barazani. Ndani.

Na wewe unayeendesha:

• Kabla ya kuwasha, tembea uwanja mzima. Okota mawe, vijiti, midoli, mifupa ya mbwa. Kisu kikikuta jiwe kinalirusha kama risasi.
• Vaa viatu vigumu vilivyofunika vidole, na miwani ya kukinga macho. Ndala ni za bafuni.
• Usikate ukirudi nyuma. Ikibidi kurudi, zima kisu kwanza, geuka uangalie.
• Kwenye mteremko, mashine ya kukalia inapanda na kushuka, haikati kwa ubavu, isije ikapinduka. Mteremko mkali uache.
• Nyasi zikiziba, zima injini, toa ufunguo, subiri kisu kisimame kabisa. Usiingize mkono.
• Mafuta jaza nje, injini imezimwa na imepoa.

Tena ajali nyingi zina haraka ndani yake. Nyasi zimeachwa wiki tatu, zimelowa, baba anataka amalize kabla ya mpira. Nyasi mbichi zinateleza, zinaziba mashine, na zinakatika vibaya. Subiri zikauke. Kata mara kwa mara, usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa safari moja. Acha kama sentimita 7 au 8. Mizizi inakuwa imara, magugu yanapungua. Kisu kinolewe. Vipande viache hapo hapo, ni mbolea ya bure. Uwanja utapendeza bila mtoto mapajani.

Ajali ikitokea: zima mashine, piga 911, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, usiachie. Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndiyo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.

Mama, usiogope kuonekana unamkosea mumeo heshima. Mwambie leo kwa upole, kabla ya Jumamosi: "Baba fulani, mtoto hapandi." Babu akija kutembea, naye mwambie hivyo hivyo. Mkitaka picha, mashine imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako, mtoto kasimama pembeni na baba yake.

Mtumie mwenye uwanja. Kesho tunarudi kwenye homa, nimeahidi.

Nesi wenu.