Aliyefungua injini ndiye aeleze

Ugomvi wa gereji mjini Wajir una sura inayojulikana na kila mwenye gari. Injini imefunguliwa, gasketi mpya imefungwa, pesa zimelipwa, na kabla gari halijafika Habaswein injini imechemka tena. Mwenye gari anadai kazi ilikuwa mbovu. Fundi anajibu kwamba kazi ilikuwa sawa, kosa ni la barabara, au la dereva, au la spea iliyotoka Nairobi. Hakuna kilichoandikwa siku gari lilipoingia, gasketi ya zamani imeshatupwa, na waliokuwapo kushuhudia ni mafundi wa gereji hiyohiyo. Unabaki mzozo wa neno kwa neno, na hasara humwangukia yule aliyekwama njiani. Mzigo huu umewekwa kwenye bega lisilo lake. Gari likiharibika kwenye sehemu ileile iliyotengenezwa, muda mfupi baada ya kutoka gereji, wa kueleza kwanza ni gereji. Ikishindwa kueleza, irudie kazi kwa gharama yake au irudishe pesa.

Msingi wa hoja hii ni ujuzi. Mwenye gari halioni tumbo la injini, naye fundi analiona. Fundi ndiye anayejua kama silinda hedi ilipimwa kuona imepinda au la, kama bolti zilikazwa kwa mpangilio wake, kama spea iliyofungwa ni ile iliyolipiwa. Kumtaka mteja athibitishe mambo yaliyofanyika gari likiwa limeachwa mikononi mwa mwingine ni kumtaka athibitishe asichoweza kukiona. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaanza kwa kanuni ambayo wengi wanaifahamu, kwamba anayedai ndiye athibitishe. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 112, inasema kwamba katika kesi za madai, jambo ambalo upande mmoja unalijua kwa namna ya pekee lithibitishwe au likanushwe na upande huo. Sioni mfano ulio wazi wa jambo la namna hiyo kuliko kilichofanyika ndani ya injini iliyofunguliwa na fundi na kufungwa na fundi.

Katiba ya 2010 nayo haikumwacha mteja peke yake. Ibara ya 46 inampa haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara au jeraha kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ikaenda mbali zaidi, ikatenga sehemu nzima kwa ajili ya matengenezo ya magari na vyombo vingine. Humo mna makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, idhini ya mteja, kurudishiwa vipuri vilivyotolewa, ankara inayoeleza kazi, na dhamana ya vipuri vipya pamoja na kazi ya kuvifunga. Bunge lilifahamu kwamba matengenezo ya gari ni biashara ambayo upande mmoja unaona na mwingine hauoni. Kwa hiyo kinachokosekana Wajir ni mazoea ya kuitumia sheria iliyopo. Ni nadra mteja kudai ankara, na ni nadra zaidi fundi kumkabidhi spea kuukuu bila kuombwa.

Wapo watakaosema sheria hizi zimeandikwa kwa ajili ya gereji kubwa za Nairobi, na watu wa hapa wana mizani yao. Basi tuitazame mizani hiyo. Fiqhi ya Kiislamu ililijadili suala la fundi na mali ya mteja karne nyingi kabla ya gari kuundwa. Imepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib kwamba aliwabebesha mafundi dhamana ya vitu walivyokabidhiwa, kwa hoja kwamba mambo ya watu hayatengenei bila hivyo. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa kaskazini mashariki, wapo waliomwona fundi kuwa mwaminifu asiyedaiwa mpaka azembee au avuke mipaka. Hata hivyo al-Rabi', mwanafunzi wa Imam Shafi'i, amepokewa akieleza kwamba Imam mwenyewe alielekea kwenye rai hiyo ya kutomdai, lakini hakutaka kuitolea fatwa kwa kuhofia ufisadi wa watu. Wanazuoni walitofautiana juu ya kiwango cha dhamana, lakini hatari waliiona wote: fundi akijua kwamba hataulizwa, mali ya watu itapotea mikononi mwake. Kumtaka fundi aeleze si jambo geni lililoletwa na wanasheria wa jijini.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe, nalo lina ukweli ndani yake. Gari la Wajir linateseka. Ukiacha lami, njia ya kwenda Bute, Eldas au Khorof Harar ni mchanga, mawe na vumbi, na mvua ikinyesha ni tope linalomeza magurudumu. Springi huvunjika hata zikiwa zimefungwa vizuri. Maji ya visima vya mji huu hupita kwenye mawe ya chokaa na ni magumu. Dereva anayeyamimina kwenye redieta safari baada ya safari huacha ukoko ndani yake, na injini itachemka hata kama gasketi ilifungwa na fundi bora wa Kenya. Wateja wengine hununua spea za bei ya chini, wakazileta wenyewe na kumlazimisha fundi azifunge. Yote haya ni kweli, na ndiyo sababu nasema gereji ieleze, sisemi ihukumiwe. Fundi aliyeandika siku ya kwanza kwamba redieta ina ukoko na mteja amekataa kuisafisha, au kwamba spea imeletwa na mwenye gari, ana jibu linalomaliza ugomvi. Asiyeandika anabaki na kauli ambayo mteja hana sababu ya kuiamini. Utaratibu huu humlinda fundi mwadilifu kabla ya kumlinda mtu mwingine yeyote.

Pingamizi lingine ni la umaskini. Fundi wa jua kali, wanasema, anafanya kazi chini ya mti akiwa na spana chache, na akibebeshwa gharama ya kurudia kazi atafunga. Naiheshimu kazi yake, kwani bila yeye malori ya maji na magari ya abiria ya kaunti hii yangelala. Lakini daftari na kalamu vinamgharimu kidogo kuliko oili anayomwaga kwa siku, na sheria imeshampa ulinzi wake: anaweza kulizuia gari mpaka alipwe haki yake, na kuna sheria maalumu, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya, inayomruhusu kwa masharti kuuza mali iliyoachwa kwake kwa matengenezo bila kuchukuliwa. Aliyepewa nguvu ya kuzuia gari la mtu hawezi kudai kwamba kueleza alichokifanya ni mzigo mkubwa mno. Tukumbuke pia umaskini wa upande wa pili. Gari lililokufa katikati ya Tarbaj na mji linaweza kuwa ndilo lililokuwa linamleta mama mjamzito hospitali ya rufaa. Spea ikifuatwa tena Nairobi, ni zaidi ya kilomita 600.

Linabaki swali la nani aamue. Wazee wetu wamekuwa wakisuluhisha mambo makubwa kuliko gasketi, na Ibara ya 159 ya Katiba inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Nawaunga mkono. Mahakama ya Kadhi, ambayo wengi wangeikimbilia, imewekewa mipaka na Ibara ya 170: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Deni la gereji halimo. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 ilibuni mahakama ambayo, baada ya marekebisho ya 2020, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu akijisemea bila wakili, bila ukali wa kanuni za ushahidi, na hukumu ikitakiwa ndani ya siku 60. Mahakama za namna hiyo zilianza Nairobi mwaka 2021, na zinastahili kuwa karibu na kila mji wa eneo hili. Lakini mzee chini ya mti na hakimu kwenye kiti wana tatizo moja: bila maandishi na bila spea kuukuu, wote wawili wanaishia kugawanya hasara nusu kwa nusu ili watu waondoke kwa amani. Nusu kwa nusu huonekana kama upole, lakini aliyetendewa vibaya amelipia nusu ya kosa lisilo lake, na aliyekosea amejifunza kwamba kosa lina nafuu.

Dawa iko ndani ya uwezo wa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara na kusimamia haki katika biashara. Bunge la Kaunti ya Wajir linaweza kuweka masharti matatu kwa kila leseni ya gereji: kadi ya kazi inayotiwa saini na pande zote mbili gari linapoingia, kwa Kiswahili au Kisomali, spea zilizotolewa zikabidhiwe mwenyewe, na muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti. Wazee nao waweke desturi ya kuuliza kadi kabla ya kusikiliza maneno. Asiyekuwa nayo, kama ni gereji, ahesabiwe kwamba hajaeleza. Wateja tusingoje Bunge la Kaunti: tusitoe ufunguo kabla ya kadi kuandikwa, na tusilipe shilingi ya mwisho kabla ya kuishika spea ya zamani mkononi.