Wasiwasi wa Msimu na Maradhi ya Moyo



Atokaye Masasi kupanda uwanda wa Makonde hadi Newala hupita kwenye mikorosho. Kwa watu wa huko korosho ndiyo karo, ndiyo nguo, ndiyo bati la nyumba. Lakini gharama za shamba hutangulia, na fedha hufuata nyuma. Mwezi wa Novemba 2018, baada ya wakulima wa Kusini kuzikataa bei za mnada, Serikali ilitangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki ukachukua muda, na wengi wakangoja malipo hata ndani ya mwaka 2019. Ni akina baba na mama wangapi waliokesha wakihesabu madeni?

Fikra hizo haziishii kichwani. Mtu aingiwapo na hofu, ijapokuwa ni ya deni tu, mwili humwaga katika damu vichocheo viitwavyo adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda mbio, mishipa hujibana, na shinikizo la damu hupanda. Hofu ikipita upesi, mwili hutulia. Ikidumu miezi, moyo huumia. Tena mwenye wasiwasi hulala kidogo, huvuta sigara zaidi na husahau dawa zake. Uchunguzi wa nchi 52, uliotangazwa mwaka 2004, uliona kuwa waliopatwa na shambulio la moyo walitaja dhiki za kazi, za nyumbani na za fedha kuliko wenzao wazima.

Basi yatupasa nini? Kwanza, presha haipigi hodi. Kila mtu mzima akapimwe. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuona nafuu. Pili, baba asilifiche deni. Mzigo ujulikanao na nyumba nzima hupungua uzito. Nanyi vijana, mkimwona mzazi amekuwa mkali ghafula, msimnung'unikie. Mwulizeni kwa adabu. Na akibanwa na kifua, akitoka jasho na kukosa pumzi, mpelekeni hospitali saa ileile, wala msiseme ni mawazo tu.

Wako wasemao kwamba Muumini yamtosha dhikri. Kweli, kumtaja Mwenyezi Mungu hutuliza nyoyo; lakini aliyetupa utulivu huo ndiye aliyetujaalia na dawa. Tuvipokee vyote viwili kwa shukrani.