Mheshimiwa, umeusoma muswada?



Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, kinasimulia watu waliomwendea mfalme Rehoboamu na ombi moja: baba yake aliwatwisha nira nzito, basi yeye aipunguze nao watamtumikia. Wazee walimshauri awasikilize. Yeye akafuata ushauri wa vijana wenzake, akaahidi kuuongeza mzigo. Ufalme ukagawanyika.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, kisha wakakutana na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Walilalamikia namna kodi zinavyokusanywa na utaratibu wa kusajili stoo. Katekisimu, namba 2240, inatufundisha kuwa kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili. Sawa. Lakini anayeipitisha kodi naye ana wajibu: kujua itamwangukia nani.

Tukumbuke tozo za miamala ya simu. Zilianza tarehe 15 Julai 2021, kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi. Tuliambiwa fedha hizo zitajenga vituo vya afya na madarasa, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba tozo ilikatwa wakati wa kutuma, ikakatwa tena wakati wa kutoa. Mama lishe wa Mtaa wa Lumumba akimtumia mzazi wake kijijini fedha ya dawa, alikatwa yeye, akakatwa na mgonjwa. Kilio kikawa kikubwa, na Septemba mwaka huohuo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30.

Jiulize: je, hesabu hiyo ilikuwa siri? Hapana. Mpango wa kutoza kutuma na kutoa ulielezwa bungeni Juni, kwenye bajeti. Maumivu yaliyogunduliwa kwenye kibanda cha wakala yangeweza kugunduliwa Dodoma, kwa kalamu na karatasi.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba yetu. Mbunge anayeketi usiku na muswada, kifungu kwa kifungu, akiuliza maskini atabaki na nini, anatimiza amri ya kumpenda jirani. Anayegonga meza kabla ya kusoma aifungue Isaya sura ya 10, aone ole wanayotangaziwa waandikao sheria za kuwanyima maskini haki yao.

Lakini nasi waamini tuna neno la kujibu. Mbunge akija parokiani kwenye harambee, tunamkalisha mbele na kushangilia bahasha yake. Tunamsifu kwa sare za kwaya na mabati ya kigango. Ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza alisema nini siku muswada wa fedha ulipojadiliwa? Bahasha ni ya siku moja; kifungu kibaya kinatukata kila siku, mwaka mzima.

Basi akija tena, mpokee kwa heshima, umkaribishe chai. Kisha muulize kwa upole: “Mheshimiwa, ni kifungu gani ulikisoma, ukakisimamia kwa ajili yetu?” Ukisubiri jibu lake, utakuwa umemsaidia kuwa mbunge.

Nakutakia Dominika njema.