Usikatae Ng'ombe wa Pili kwa Kuogopa Bima

Wakulima, kuna maneno yanayosemwa siku hizi sokoni na penye kupelekea maziwa, na yafaa tuyachunguze. Husemwa ya kwamba mtu asiye na mshahara akionekana amepata zaidi, atatozwa zaidi kwa bima ya afya. Basi ni afadhali abaki na mali kidogo. Shauri hili ni baya, ingawa ndani yake mna neno moja la kweli.

Kwanza tazameni sheria. Bima ya zamani, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikoma, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Katika miaka ya mwisho ya NHIF mkulima alilipa Shs. 500 kwa mwezi, awe na ekari moja au hamsini. Sasa watu wa nyumba moja wasio na mshahara hutakiwa kulipa asilimia 2.75 ya mapato yao, wala si chini ya Shs. 300 kwa mwezi, nao hulipa ya mwaka mzima mara moja. Maskini wasiojiweza, sheria yasema walipiwe na Serikali.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba yako hupata Shs. 10,000 kwa mwezi. Utalipa Shs. 300. Ukinunua ng'ombe wa pili, na baada ya gharama za majani, chumvi na dawa akakuachia Shs. 6,000 kwa mwezi, mapato yatakuwa Shs. 16,000 na bima Shs. 440. Kwa hiyo umeongeza malipo ya Shs. 140, na Shs. 5,860 zimebaki mkononi mwako. Je, ni mkulima gani mwenye akili atakayekataa Shs. 5,860 ili aokoe 140?

Lakini neno la kweli ni hili. Yule anayelipiwa na Serikali, akiinuka kidogo tu na kuvuka mpaka, aweza kutakiwa Shs. 3,600 kwa mwaka zote pamoja. Kwa mtu huyo hatua ya kwanza ndiyo nzito. Tena mapato yetu hayasomwi katika hati ya mshahara. Hukadiriwa kwa maswali juu ya nyumba na vitu tulivyo navyo. Bati hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi, lakini bati halikamuliwi.

Kwa sababu hiyo twaona yafaa Serikali imwachilie pole pole mtu anayeinuka: mwaka wa kwanza alipe sehemu, na Serikali sehemu. Na yule aliyepotewa na mavuno kwa ukame apimwe tena upesi, asingoje.

Nasi wakulima tuna wajibu wetu. Tujibu maswali kwa kweli, na palipo na makosa tuyaseme wazi. Tuweke fedha za bima kando siku ile ile mazao yanapouzwa, kabla hazijaliwa. Mwenye kuficha ng'ombe leo na kuacha bima, siku atakapolazwa hospitali kubwa huyo ng'ombe ndiye atakayeuzwa kwanza, tena kwa bei ya haraka.